Jina la Arobaini na Moja

Bi. Verna Lachance aliingia studioni kwetu Jumatano moja ya mvua, saa nne asubuhi, akivuta sanduku la magurudumu, na hakuna aliyemzuia kwa sababu siku hiyo tulikuwa tumeagiza mabibi kumi na wawili.

Mabibi hao walikuwa wa kukimbia sokoni wakipiga kelele, mbele ya kamera. Duane, mlinzi wa lango, alimwona mama wa miaka sabini na kitu, koti la mvua la kijani, miwani imefungwa kamba shingoni, akamwambia, "Mabibi ni mlango wa kushoto, mama. Chai ipo tayari." Naye akaifuata chai. Mimi ndiye niliyegundua kuwa tuna bibi mmoja wa ziada, kwa kuwa kuhesabu ilikuwa kazi yangu.

"Samahani, bibi," nilimwambia, "wewe umeletwa na wakala gani?"

"Sijaletwa. Nimetoka Moose Jaw kwa basi. Hilo daftari ni lako?"

"Ndiyo."

"Unaandika humo kila kinachotokea kwenye tamthilia?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi ni wewe ninayekutaka. Nimesoma gazetini kwamba Ijumaa mnamuua Mrithi."

"Ni kweli. Ni kipindi cha mwisho."

Alinitazama kama mkutubi anavyomtazama mtoto aliyerudisha kitabu chenye jamu. Baadaye nilikuja kujua kwamba kweli alikuwa mkutubi wa shule, miaka thelathini na minne.

"Hamwezi," akasema. "Yule hafi."

Naitwa Maren Toews. Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, nimetoka chuo kikuu na shahada ya filamu, na imani kwamba hadithi nzuri humfanya mtu awe mpole zaidi kwa jirani yake. Imani hiyo ninayo bado. Kazi yangu katika *Watu wa Radi* ilikuwa kutunza mfuatano: mwigizaji akishika kikombe kwa mkono wa kulia kabla ya chakula cha mchana, nahakikisha hakishiki kwa wa kushoto baada ya chakula. Pia nilitunza orodha ya watu waliouawa na Mrithi, na alichochukua kwa kila mmoja.

Maana Mrithi ndiye aliyekuwa adui mkuu wa tamthilia yetu kwa misimu sita. Radi ilipiga mji, watu wa kawaida wakapata uwezo wa ajabu, na yeye akawa anawatafuta mmoja mmoja. Anaweka kiganja kwenye kifua cha mtu, mtu anaanguka, uwezo wake unahamia kwa Mrithi. Kisha anasema neno moja tu: "Asante."

Neno hilo liliwanyima watu usingizi nchi nzima. Ukweli ni kwamba mzee Orest Hrynchuk, aliyemwigiza Mrithi, hakuweza kukariri. Taa zikiwaka alisahau kila kitu; siku moja alisahau jina la mkewe, na mkewe alikuwa amesimama hapo. Waandishi wa kwanza walipoona hali hiyo wakampa neno moja, na ili neno lipate maana wakatunga sheria. Katika kipindi cha kwanza kabisa mwanamke anayekata roho anamwambia, "Siku utakayotamka jina langu, changu kitarudi kwangu." Ndiyo maana Mrithi hakuwahi kumtaja mtu. Alishukuru, akaondoka.

Nje ya kamera Orest alikuwa mpole kiasi cha kuudhi. Kila mara, siku moja kabla ya kumuua mtu, alimletea boksi la vikeki vya siagi, vile vyenye sukari iliyoyeyuka katikati, vilivyookwa na mkewe Halyna. Walikaa, wakala, Orest akamwomba radhi. Ilikuwa desturi nzuri iliyotutia hofu kubwa. Skripti zetu zilikuwa siri, kwa hiyo mwigizaji alijua kifo chake kwa kuliona boksi. Orest akikatiza ukumbini na boksi mkononi, watu wazima walijifungia chooni. Jamaa mmoja alipanda juu ya lori la taa akakataa kushuka. "Pita nalo, mzee!" alipiga kelele. "Nina kisukari! Muulize daktari wangu!"

Safari hii wa kufa alikuwa Orest mwenyewe, na sijaona mtu akingoja kifo kwa furaha kama ile. Sababu ilikuwa mjukuu wake, Zoya, wa Saskatoon.

Zoya alikuwa na miaka mitano. Mwaka uliotangulia alikutana na picha ya babu yake kwenye kituo cha basi, urefu wa watu watatu, kiganja mbele. Tangu siku hiyo akakataa kubebwa naye. Krismasi ile, mezani, mtu alimpitishia Orest bakuli la viazi. Orest akasema, "Asante." Mtoto akazama chini ya meza, asitoke mpaka keki ilipoletwa.

"Mwaka mzima sijamshukuru mtu nyumbani kwangu," Orest aliniambia. "Halyna akinipa chai natikisa kichwa tu kama farasi."

Basi akamwahidi Zoya kwa simu kwamba Ijumaa babu atammaliza yule mtu.

"Kabisa kabisa?" Zoya akauliza.

"Kabisa kabisa."

"Haamki?"

"Haamki."

"Basi utanibeba."

Mkataba wa Orest ulisema ataigiza maadamu Mrithi yu hai. Alikuwa ameweka alama ya Ijumaa kwenye kalenda ya chumba chake, moyo mwekundu, na chini yake ameandika: KUFA.

Nilimpeleka Bi. Verna ofisini kwa Garnet Pelley, mtayarishaji wetu na kiongozi wa waandishi. Garnet alikuwa mtu wa kucheka kwa urahisi na kulala kwa shida. Orest alikuwa humo, anakunywa chai.

"Anakufaje?" Bi. Verna aliuliza hata kabla ya kukaa.

"Hiyo ni siri, mama," Garnet akasema.

"Naanguka kutoka kwenye ukuta wa bwawa la umeme," Orest akasema.

"Unaruka angani tangu msimu wa kwanza," Bi. Verna akasema.

"Kuna na mlipuko," Garnet akaongeza.

"Mzimamoto wa Red Deer. Mrithi alimuua, moto haumgusi tena."

"Chini kuna maji."

"Yule binti wa ziwani. Anapumua majini. Na mlimuua vibaya sana yule mtoto, nililia."

"Samahani," Orest akasema, kwa dhati.

"Sumu?" nikajaribu mimi.

"Mpishi wa harusi, msimu wa tatu. Hilo ungelijua wewe mwenye daftari."

Nililijua. Niliona aibu.

"Sawa," Garnet akasema, ameanza kupangusa paji la uso. "Tunamwacha anazeeka."

"Fundi saa. Hazeeki. Na hata mkipata njia, alfajiri ataamka. Alimuua mchimba kaburi."

Tukatazamana.

"Mchimba kaburi yupi?" Garnet akauliza.

"Msimu wa pili, kipindi cha tisa. Yule akifa jioni, alfajiri anaamka. Mrithi alimuua mara mbili bure. Mara ya tatu akakaa naye usiku kucha, mkono kifuani, mpaka kulipokucha akamchukulia uwezo pale pale unapochomoza. Tangu hapo, mkimuua leo, kesho anakunywa kahawa."

Nikalifungua daftari. Misimu minne ya kwanza ilikuwa na mwandiko wa mtu aliyenitangulia. Msimu wa pili, kipindi cha tisa, ukurasa ulikuwa mweupe, na juu yake maneno machache: *Fainali ya hoki, mchezo wa saba. Muda wa nyongeza. Nitajaza kesho.*

Hakujaza. Wala hakuwa peke yake. Usiku ule mchezo huo wa kuamua bingwa ulienda muda wa nyongeza mara tatu, kipindi chetu kikasogezwa mpaka watu wote wakawa wamelala au wako barabarani wanalia na bendera. Waandishi waliokiandika waliachishwa kazi mwisho wa msimu. Waliofuata walidhani kila mmoja kwamba mwenzake amekitazama.

"Nilikuwa uwanjani," Garnet akasema, kama mtu anayeungama. "Nchi nzima ilikuwa..."

"Mimi sikuwa."

"Lile goli la mwisho, mama, hebu niambie kweli, lilikuwa halali lile?"

"Sijui, mwanangu. Nilikuwa namtazama mchimba kaburi."

Orest aliweka kikombe mezani polepole. "Kwa hiyo sifi?"

Akanigeukia mimi.

"Maren, binti yangu. Sifi?"

Sijawahi kuona mtu akihuzunika vile kwa kuambiwa ataishi milele.

Bi. Verna akafungua sanduku. Ndani kulikuwa na soksi jozi mbili, na kadi ndogo za maktaba, mamia, zimepangwa kwa herufi. "Msilie," akasema, ingawa aliyekaribia kulia alikuwa mmoja tu. "Jibu mnalo tangu kipindi cha kwanza. Akitamka jina la mtu, kitu cha mtu kinarudi. Basi awataje. Wote arobaini na mmoja, mmoja mmoja. Akimaliza atabaki mzee tu mwenye goti bovu, atakufa kama watu wengine."

"Goti bovu ninalo," Orest akasema kwa matumaini.

"Majina arobaini na moja?" Garnet akaruka. "Huyu? Mwaka jana tulimwandikia 'Asante sana', tukarudia mara kumi na tisa!"

"'Sana' ilinichanganya," Orest akasema.

"Nitamwandikia kadi kubwa," nikasema. "Jina moja kadi moja, nazishika chini ya kamera. Atasoma tu."

Garnet alitafakari, kisha akacheka, na alipocheka nilijua amekubali. Akaamuru ipigwe picha moja ndefu isiyokatwa, kamera ikimzunguka Mrithi huku anapungukiwa. Hata mimi nywele zilinisimama. Ilikuwa hadithi nzuri.

Nilimsindikiza Bi. Verna mpaka langoni, mkono mmoja mwavuli, mwingine sanduku.

"Kuna tatizo dogo," nikamwambia. "Nimeangalia skripti ya zamani. Wote wana majina isipokuwa yeye. Ameandikwa Mchimba Kaburi tu. Tumpe jina gani?"

"Analo," akasema. "Clement Lachance."

Nikasimama. Mvua ikaniingia kolani.

"Kaka yangu," akasema. "Alikuwa dereva wa gari la kusukuma theluji pale kwetu. Alikuja huku kumtembelea rafiki, mtu wenu mmoja akaiona sura yake kwenye foleni ya kahawa, akamwambia njoo uigize. Siku mbili tu. Aliporudi aliwaambia mji mzima watazame. Kinyozi, padri, wenzake wa gereji. Mimi nikaoka. Nikapanga viti kumi na vinane sebuleni."

"Wakaja wangapi?"

"Ilikuwa usiku wa mchezo wa saba, mwanangu." Alirekebisha kofia ya koti lake. "Alisema haidhuru. Akaendelea kusema haidhuru miaka miwili, mpaka tukamzika. Mimi sitaki kitu kwenu. Nataka atajwe pamoja na wenzake, kwa sauti, watu wasikie. Niahidi utaliandika."

"Naahidi, bibi."

Niliahidi kirahisi, kama mtu anavyoahidi kufunga mlango akitoka.

Ijumaa saa tatu asubuhi Garnet aliniita. Nilikuwa na wino mikononi.

"Umefika kadi ya ngapi?"

"Arobaini. Bado ya mwisho."

"Usiiandike."

Nikadhani ni utani, nikacheka.

"Kituo cha televisheni wamenipigia," akasema. "Wanataka msimu wa saba. Maren, sikiliza uone utamu wake. Anataja arobaini. Anaanguka. Watu wanalia. Mwezi wa tisa, alfajiri, anafumbua jicho! Kwa nini? Kwa sababu kuna mmoja hakumtaja. Yule mama ametupa dhahabu bila kujua."

"Mzee Orest anajua?"

"Atajua mwezi wa tisa."

"Na mjukuu wake?"

Garnet hakuwa mtu mbaya. Akapangusa uso kwa viganja viwili. "Nina watu mia na ishirini humu wanaoniuliza kila siku kama Jumatatu wana kazi. Duane ana watoto pacha. Wewe unamfikiria mtoto mmoja wa Saskatoon." Kisha akashusha sauti. "Na chumba cha waandishi kina kiti kitupu. Nimeisoma ile hadithi yako ya mama mwenye duka la nyavu za mbu. Nzuri sana ile. Kiti ni chako, msimu wa saba."

Niseme kitu kuhusu kiti hicho. Mwaka wangu wa pili chuoni nilinunua kikombe chenye neno MWANDISHI, nikaapa sitakinywea mpaka niwe mwandishi kweli. Kilikuwa kwenye droo yangu, ndani ya soksi. Miaka minne kilikuwa humo, kisafi kama siku nilipokinunua.

Garnet aliichukua kadi moja iliyobaki nyeupe, akaifungia ndani ya droo yake na ufunguo akautia mfukoni. "Arobaini," akasema. "Hesabu, ndiyo kazi yako." Kalamu ya wino alisahau kuichukua.

Nilikimbia kwa Orest. Alikuwa kwenye kiti cha mpambaji, uso wote umepakwa gundi ya makovu ya Mrithi, midomo imebanwa ikauke.

"Mzee, kuna jambo."

"Mmm," akasema Orest.

"Ni kuhusu kufa kwako."

"Mmm!" Macho yakachangamka.

"Wewe," mpambaji akaniambia, "ukimchekesha au ukimliza, gundi inapasuka, naanza upya. Na saa kumi na mbili bwawa la bandia linabomolewa, jukwaa limekodiwa na wengine. Chagua."

Orest alinyoosha kidole kuelekea kioo. Pale pembeni alikuwa amebandika mchoro wa Zoya uliotumwa kwa simu na kuchapishwa. Mtu mrefu mweusi amelala chini, macho yake alama mbili za kukosea. Kando yake mtu mwingine, mnene, amembeba mtoto mwenye mikono mirefu kuliko miguu. Orest alimgusa yule aliyelala, akajigusa kifua, akainua dole gumba.

Nilitoka nje nikasimama kwenye mvua, na huko ndiko nilikoelewa kitu. Hata ningemwambia, ningekuwa namtupia yeye mzigo wa kuchagua, azozane na Garnet gundi ikiwa usoni. Na ahadi ya Bi. Verna haikuwa yake. Niliitoa mimi, chini ya mwavuli wangu mwenyewe.

Saa tisa tukaingia jukwaani. Mabibi walikuwa wameketi kando ya ukuta wa studio wakisubiri zamu yao ya kukimbia, na kati yao alikuwepo Bi. Verna, kwa maana tangu Jumatano Duane alikuwa amempa kitambulisho na hakuna aliyekumbuka kumnyang'anya. Magotini alikuwa na boksi.

Jukwaa zima likaliona boksi. Watu wawili wakatoka haraka.

"Ni lako, bwana Hrynchuk," akasema. "Kwa desturi yenu, anayekufa hupewa. Nimeoka kwa dada yake Duane, jiko lake halifungi vizuri, unisamehe."

Orest alikitia kikeki kinywani kwa uangalifu, kupitia pembe ya makovu. Akafumba macho. "Ganda hili."

"Mafuta ya nguruwe."

"Kulikuwa na jamaa mmoja," Orest akasema polepole, "alikula vitatu, akaniambia ganda la mke wangu linahitaji mafuta ya nguruwe. Akanieleza mpaka joto la jiko. Kisha nikamuua." Akamtazama vizuri. "Una macho yake."

"Alikuwa kaka yangu, bwana," akasema Bi. Verna. "Kazi njema."

Garnet alikuwa amesimama hatua tatu kutoka kwangu, mikono nyuma. Vikeki vilipokwisha (mabibi walisaidia) nililichukua boksi tupu, nikaenda nyuma ya ukuta wa bwawa, nikang'oa mfuniko. Kwa ndani ulikuwa umelowa siagi. Wino uliteleza, ilibidi nipite kila herufi mara tatu, na ile C ya kwanza ikatoka kama sikio. Kisha nikauweka chini, karibu na mguu wangu, maandishi yakitazama sakafu. Nilijiambia kwamba kuandika si kuinua. Bado ningeweza kuuacha pale.

Mashine ya mvua ikawashwa, huku mvua ya kweli ikipiga bati juu. Mrithi akapanda ukuta wa bwawa.

Nikainua kadi ya kwanza. Orest akasoma jina, na kwa kuwa hakuwahi kusema majina, sauti yake ilitoka ngeni, yenye kutu. Kadi ya pili. Ya tatu. Ya sita niliishika juu chini. Orest akainamisha kichwa begani ili aisome, na mwongozaji baadaye alisema huo ndio uigizaji bora aliowahi kuuona. Alitaja mzimamoto, akaanza kutweta kwa joto la taa. Alitaja binti wa ziwani, akakohoa maji ya mashine. Alipomtaja fundi saa mgongo wake ukapinda, na sijui kama aliigiza au ni umri tu. Kufikia ishirini hakuna aliyekuwa akitafuna. Jamaa wa lori la taa, ambaye mwishowe alikufa kwenye msimu wa tano na sasa alishika kamba za taa hizo hizo, alisikia jina la mtu aliyemwigiza, akavua kofia.

Thelathini na nane. Thelathini na tisa. Arobaini.

Mikono yangu ikawa mitupu. Orest alisimama pale, maji yakimchuruzika, akinitazama. Garnet alitikisa kichwa taratibu, mara moja: sasa alale. Orest akaanza kulifumba jicho moja.

Niliwaza kikombe. Nasema kweli, sikuwaza jambo kubwa, niliwaza kikombe ndani ya soksi, na watoto pacha wa Duane. Kisha nikawaza viti kumi na vinane vimepangwa sebuleni.

Nikainama, nikainua mfuniko.

Siagi ilikuwa ikitiririka kwenye mkono wa sweta langu. Orest akalifumbua jicho. Akakaza macho, akasogea hatua moja, kwa maana ile C ilimsumbua.

"Clement," akasema. Midomo yake ikasita kidogo, halafu ikatabasamu ndani ya makovu. "Clement Lachance."

Akangoja kadi nyingine. Haikuwepo. Na kama kawaida yake asipokuwa na kadi, lilimjia lile neno pekee alilowahi kulijua kwa moyo. Alilisema akiwatazama mabibi kule chini.

"Asante."

Kisha akakaa chini, goti likalia mpaka kinasa sauti kikalinasa, akalala, akafa.

Mwongozaji akasema "kata". Mabibi, waliosahau kabisa zamu yao ya kukimbia na kupiga kelele, walimshika Bi. Verna mikono, wawili upande huu, wawili upande ule, ingawa hakuna aliyewaambia kwa nini.

Garnet alinijia. Alikuwa anapiga hesabu usoni, nami nilijua ni hesabu gani, kwa kuwa nilikuwa nimeipiga mapema: picha ni moja, haikatwi, na kifo kimekuja baada ya jina. Ukiliondoa jina, unakiondoa na kifo. Nyuma yake mafundi walikuwa wameshaanza kuling'oa bwawa.

"Unajua ulichokifanya?" akauliza.

"Najua."

"Hakuna kiti, Maren. Hakuna chumba cha kuwekea kiti."

"Najua, bosi. Pole."

Akauchukua ule mfuniko mkononi mwangu, akautazama, akanirudishia. Akaenda kwenye simu.

Nilipanda ukuta wa bwawa. Orest alikuwa bado amelala pale pale kwenye maji, mikono kifuani. Alifumbua jicho moja kidogo.

"Maren," akanong'ona. "Nimekufa?"

"Umekufa, mzee."

"Kabisa kabisa?"

"Kabisa kabisa."